Rupia za babu, reale za bibi na shilingi za simba: kwenye mizani zina nini?

Tangu bei ya madini ya fedha (silva) ivuke dola 50 kwa aunsi mwaka 2025 maswali ya sarafu za zamani yamezidi, naona kila mtu kafungua kasha la marehemu bibi yake. Tumechagua sita. Bei inabadilika kila saa, kwahiyo ili tusibishane humu ndani natumia bei ya mfano tu, shilingi 5,000 za Tanzania kwa gramu moja ya fedha safi, yani kama dola 2. We ukishasoma chukua bei ya siku hiyo, wanaitangaza kwa aunsi, na aunsi ya madini ni gramu 31.1, gawanya upate ya gramu alafu rudia hesabu.

Shikamoo. Babu yetu alifariki akaacha kopo lenye rupia 23 za Mjerumani, zina picha ya mzungu mwenye masharubu na kofia ya chuma yenye ndege juu. Kuna na vihela vingine vyeusi vidogo. Sonara wa hapa mjini anasema atachukua rupia kwa elfu 15 moja, kaka yangu anasema tusiuze maana kila moja ni milioni. Nani mkweli? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Hakuna mkweli hapo, ila sonara yuko karibu na ukweli kuliko kaka.

Huyo mzungu ni Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani. Rupia zake zilitengenezwa kuanzia 1890 mpaka 1914, za mwanzo nyuma zina simba na mnazi, ni za ile kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, na kuanzia 1904 nyuma wakaandika tu Deutsch Ostafrika na thamani. Rupia nzima ikiwa mpya ina gramu 11.66 na usafi wa asilimia 91.7, hicho ni kiwango kizuri sana, sarafu chache zilizopita kwenye mikono ya watu wa pwani zilikifikia. Zidisha, unapata gramu 10.69 za fedha safi. Kwa bei yetu ya mfano hiyo ni kama shilingi 53,000 kwa rupia moja, kwahiyo elfu 15 ni chini ya theluthi. Nusu rupia na robo rupia usafi ni uleule, uzito ndio unagawanyika.

Sasa kabla hujamrukia sonara kumbuka na yeye ana yake. Akinunua anayeyusha, anapoteza kidogo, anasubiri mteja wa pete, na hana uhakika kama zote ni za kweli. Mi ningesema akikupa asilimia 75 mpaka 80 ya thamani ya fedha safi iliyomo hajakuonea. Akikwambia "hii silva ya kawaida, tunanunua bei moja", muulize swali moja tu, kawaida ya asilimia ngapi? Mwambie we unajua ni 91.7, uone anavyobadilika sura. Na muwe mmepima nyumbani kabla ya kwenda, mizani ya dijitali inayosoma sehemu ya mia ya gramu inapatikana siku hizi kwa bei ya kawaida tu. Rupia iliyotembea miaka mingi itasoma 11.5 au 11.4, hiyo ni kuchakaa, hamna shida. Ikisoma 9 au 10 hapo kuna mtu amewatania.

Ila bana msiyeyushe. Hili naomba lisikike. Rupia ya Mjerumani ina wanunuzi wawili, anayetaka madini na anayetaka sarafu yenyewe, na huyu wa pili kwa kawaida anatoa zaidi hata kama imechakaa. Kwahiyo hesabu ya madini iwe sakafu, msishuke chini ya hapo, alafu ndio mtafute mkusanyaji. Tenganisheni kwa miaka na kwa kale kaherufi kadogo, A ni Berlin na J ni Hamburg, kuna mwaka mwingine unatafutwa kuliko mwenzake. Na msizisugue! Najua mtu atasema tuzing'arishe kwa limao na majivu zipendeze. Kwa mkusanyaji sarafu iliyosuguliwa imeshaharibika, na kwa sonara kung'aa hakuongezi hata gramu, kwanza unakwangua fedha yako mwenyewe.

Hivyo vyeusi ni hela za shaba. Fedha hamna kabisa, wapeni watoto wa ukoo wajifunzie historia.

Bibi yangu ana kidani cha reale kumi, zote zimeandikwa 1780, zina picha ya mwanamke mnene. Jirani anasema zina miaka karibu 250 kwahiyo ni mali ya makumbusho. Pia kuna rupia moja ina jua na taji, imeandikwa Mombasa 1888. Tunataka kuuza yote tumalizie nyumba. Je nimpelekee nani? (Mjukuu, Mji wa Kale, Mombasa)

Mjukuu, ya jirani yako yaache kwa jirani. Huyo mwanamke ni malkia Maria Theresa wa Austria, alifariki 1780, na tangu hapo wameendelea kupiga sarafu ileile kwa mwaka uleule wa 1780 bila kubadilisha, maana wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na huku kwetu walikuwa hawataki nyingine. Zimepigwa Vienna, zimepigwa Roma miaka ya 1930, London nako, hata Bombay wakati wa vita ya pili. Vienna mpaka leo wanapiga. Kwahiyo reale ya Sham ya bibi inaweza kuwa ya enzi za Sayyid Said na inaweza kuwa ya juzi tu wakati wa vita, na mwaka ulioandikwa hautakusaidia kujua.

Kwa mtu anayetaka madini lakini hiyo ndio sarafu naipenda kuliko zote. Hakuna hadithi za kulipia, watu wanainunua kwa fedha iliyomo. Gramu 28.07, usafi asilimia 83.3, unapata gramu 23.4 safi. Reale nne zinakaribia kabisa aunsi tatu. Kwa Kenya tuweke mfano wa shilingi 250 kwa gramu, basi reale moja ni kama 5,850, na kumi ni 58,500. Nyumba haitaisha kwa hiyo lakini mabati kadhaa yatapatikana.

Tatizo ni kidani. Kila reale nadhani imechomelewa kikulabu juu ili ipite uzi, na ile risasi ya kuchomelea ina uzito wake ambao sio fedha, sonara atautoa na ana haki. Usimkubalie tu autoe kwa macho, mwambie apime.

Bandia ni nyingi mno, hasa zinazouzwa kwa watalii. Angalia ukingo kwanza. Reale ya kweli ukingoni ina maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, na mapambo katikati ya maneno, pitisha kucha utayasikia. Zilizomiminwa kwenye kalibu mara nyingi ukingo uko laini au una mstari wa kuunganishia. Alafu kuna kipimo cha maji, hiki nakieleza pole pole maana kinafaa kwa sarafu yoyote. Weka glasi ya maji juu ya mizani, ifute isome sifuri. Funga reale kwa uzi mwembamba, izamishe yote kwenye maji lakini isiguse chini wala pembeni, uwe umeishika kwa mkono ikining'inia. Mizani itapanda kidogo. Reale ya gramu 28 ikiwa ya kweli itapandisha kama 2.8. Ukigawa 28 kwa 2.8 unapata 10, na hapo ndipo fedha ya kiwango hicho inapokaa, kwenye 10 na kitu. Ikipanda 3.1 au 3.2 basi ni shaba na nikeli tu, hata ing'ae namna gani. Kwa zile zenye vikulabu jibu litayumba kidogo, hiyo kawaida. Sumaku nayo jaribu lakini usiiamini peke yake, shaba pia haivutwi na sumaku.

Hiyo ya Mombasa 1888 itoe kwenye fungu, usiiuze kwa uzito. Ni ya Imperial British East Africa Company, ile kampuni ya Waingereza iliyokuja kabla ya serikali yao. Kama kweli ni rupia ya fedha (uzito gramu 11.66, maana zile za shaba nazo zina jua na taji) wakusanyaji wanaitaka sana. Ila kuna sheria, Kenya kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kinahesabiwa kitu cha kale chini ya sheria ya makumbusho ya 2006, ukitaka kukitoa nje ya nchi lazima kibali. Kwahiyo mzungu wa mtandaoni akikwambia mtumie kwa posta, subiri kwanza. Pita Fort Jesus uulize utaratibu, ni mwendo wa miguu tu kutoka kwenu.

Niaje. Kuna jamaa online anauza shilingi za King George zenye simba, anasema ni pure silver, 1,200 kila moja. Nataka kuchukua 200 niweke kama investment badala ya kuacha pesa kwa sacco. Mnaonaje? (Nakuru)

Usichukue. Na pesa ya sacco iache ilipo mpaka umalize kusoma jibu hili.

Shilingi ya simba haijawahi kuwa fedha tupu hata siku moja. Ilianza 1921, baada ya ile sarafu ya florini ya 1920 kuishi muda mfupi tu ikaondolewa, na kuanzia hiyo 1921 usafi wake ulikuwa asilimia 25. Robo! Robo tatu ni metali nyingine, ndio maana nyingi zikichakaa zinaanza kuonyesha wekundu au umanjano pale kwenye mgongo wa simba na shavu la mfalme. Za George wa tano mwisho 1925, za George wa sita zenye fedha ni 1937 mpaka 1946. Kuanzia 1948 mpaka 1952 ni shaba na nikeli, simba yuleyule, mlima uleule, fedha sifuri. Sasa huyo jamaa akikuwekea mia mbili kwenye mfuko unadhani ngapi zitakuwa za 1949 na 1952? Mi ningebashiri nyingi.

Hesabu iko hivi. Gramu 7.78 mara robo ni gramu 1.94. Shilingi 16 ndio zinafanya aunsi moja. Kwa mfano wetu wa 250 kwa gramu, moja ina fedha ya 486, mia mbili ni kama 97,000. We unatoa 240,000. Na hata hiyo 97,000 hutaipata, kwa sababu kutenganisha fedha robo na shaba robo tatu ni kazi ya kiwandani yenye gharama, sonara wa mtaani hataki hata kuigusa. Hapo ndipo watu wengi hawaelewi, fedha ya kiwango cha chini haiuziki kwa hesabu ya karatasi, kadri uchafu unavyozidi ndivyo mnunuzi anavyokata zaidi. Gramu 100 ndani ya reale na gramu 100 ndani ya shilingi za simba sokoni sio kitu kimoja.

Kwahiyo kama umeipenda shilingi ya simba, nunua moja weka mezani, sarafu nzuri ile. Kama unataka fedha nunua rupia za zamani au reale, hata rupia za Kihindi za Victoria na za Edward zilizokuwa zinatembea huku kabla ya 1920, nazo ni asilimia 91.7 na gramu 11.66 sawa na za Mjerumani ila ni nyingi zaidi kwahiyo huwa hazina bei ya ziada kubwa. Ya Kihindi iangalie mwaka, kuanzia 1940 wakaanza kushusha usafi mpaka nusu, na ya 1947 ni nikeli.

Alafu kuhusu neno investment. Fedha Januari 1980 ilikaribia dola 50 kwa aunsi, wale ndugu matajiri wa Texas, akina Hunt, walikuwa wanainunua kama vichaa. Ikaanguka. Miaka ya mwanzo ya 1990 ilishuka mpaka karibu dola 4. Ikapanda tena karibu na 50 mwaka 2011, ikaanguka tena, Machi 2020 ilikuwa kama 12. Aliyenunua kileleni 1980 alisubiri miaka 31 kuikaribia tena bei yake, na shilingi yake ndani ya hiyo miaka ilishaliwa na mfumuko. Haitoi riba, haitoi gawio, haizai ndama. Mi naona ni kitu cha kuweka sehemu ndogo tu ya akiba, ile ambayo hata ukiisahau miaka kumi hulali njaa, na ununue karibu na bei ya madini. Ukinunua kwa bei karibu mara mbili na nusu ya madini kama hii ya jamaa, maana yake bei ya dunia lazima ipande karibu mara mbili na nusu ndio urudi ulipoanza.

Assalaam alaykum. Mume wangu amenipa reale 40 za fedha alizorithi kwao, ziko sandukuni hatuzivai. Je zina zaka? Na hapa Muscat niuze sokoni Mutrah au nisubiri? (Dada, Muscat)

Waalaykum salaam dada. Mi sio mwanachuoni, hukmu muulize sheikh wako, mimi nakufanyia hesabu tu. Nisab ya fedha, yani kiwango ambacho ukikifikia zaka inakuwajibikia, wengi wanaiweka gramu 595 za fedha safi. Reale moja ina 23.4, kwahiyo ukifika reale 26 umeshaivuka, na zako 40 ni gramu 936. Zikitimiza mwaka sehemu yake ni asilimia 2.5, ambayo kwa reale 40 inatoka reale moja kamili au thamani yake ya soko siku hiyo. Khilafu kubwa ya wanachuoni iko kwenye mapambo yanayovaliwa, zako ziko sandukuni kwahiyo sidhani kama utaikimbilia.

Mutrah ni mahali pazuri kujua bei, wauzaji wa pale reale wanazijua kwa kuzishika tu. Ila ingia maduka matatu manne kabla ya kusema kwamba unauza. Uliza kwanza bei kama mnunuzi, "hii kiasi gani?", alafu kesho yake uliza kama muuzaji. Ile tofauti katikati ndio faida yao, na ikizidi robo ya bei ondoka. Kusubiri au kutosubiri hilo siwezi kukuambia, kama hamna shida ya pesa reale haiozi.

Mimi ni Mkongomani, niko Louisville, Kentucky. Kazini rafiki mmoja ananunua quarter na dime za zamani za Marekani kwa bei kubwa kuliko thamani yake. Ni halali? Na mimi naweza kununua nikapeleka Bukavu? (Ndugu msomaji)

Halali kabisa kaka, na kwa mtu anayeishi huko hiyo ndio njia rahisi ya kununua fedha kidogo kidogo. Dime (senti kumi), quarter (robo dola) na nusu dola za 1964 kurudi nyuma ni fedha asilimia 90. Sheria ya 1965 ikaitoa, isipokuwa nusu dola ya Kennedy ambayo iliendelea na asilimia 40 mpaka 1970. Kutambua ni rahisi hata bila mwaka, iangalie quarter kwa ubavu, ya fedha ukingo wote ni mweupe, ya baada ya hapo utaona mstari wa shaba.

Wauzaji wa huko hawapimi moja moja, wanahesabu kwa thamani iliyoandikwa. Kila dola moja ya sarafu hizo zilizochakaa, iwe dime kumi au quarter nne, inachukuliwa ina aunsi 0.715. Kwa mfano wetu wa dola 2 kwa gramu, yani 62 kwa aunsi, dola moja hiyo ina fedha ya kama dola 44, na quarter moja ni 11. Basi mtu akikuuzia kwa mara 46 au 47 ya thamani iliyoandikwa ni sawa, akikwambia mara 60 anakuibia mchana. Ukiuza kwa faida kumbuka kodi, huko sarafu zinahesabiwa kwenye fungu la vitu vya kukusanya na viwango vyake ni tofauti na hisa.

Bukavu sikushauri. Hapo Louisville kila muuza sarafu anaijua quarter ya 1964 na anakulipa siku hiyohiyo. Bukavu itabidi uanze kumfundisha mnunuzi, na forodha njiani kila mmoja atakuwa na swali lake. Weka huko, uza huko, tuma pesa nyumbani.

Nina senti kumi yenye tundu ya 1936 isiyo na picha ya mfalme na hela 20 ya Tabora ya 1916. Kuna mtu kanipigia anasema kampuni yake Uarabuni inanunua kwa milioni 80 kwa sababu zina madini ya siri, ila nitume laki tatu ya kipimo kwanza. Nifanyeje? (Kigoma)

Mwanangu, zote mbili hazina fedha hata chembe. Ya tundu ni shaba. Hiyo 1936 inawezekana ni ya mfalme Edward wa nane, aliacha kiti mwaka huohuo, na haina picha kwa sababu senti za tundu hazikuwahi kuwa na picha ya mfalme yeyote, ungeweka wapi uso na katikati kuna shimo? Zilitengenezwa nyingi mno. Ya Tabora ina hadithi nzuri kweli, Wajerumani walikuwa wamezingirwa kwenye vita wakazipiga kwenye karakana ya reli kwa shaba na shaba ya njano, zina herufi T. Mkusanyaji atakupa pesa ya kueleweka, sio milioni. Iliyotoka Tabora yenye bei kubwa ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, na hiyo nayo bandia zake zimejaa.

Madini ya siri hayapo, anayetaka sarafu anaomba picha pande zote mbili na uzito, haombi laki tatu. Usitume. Akipiga tena mwambie sarafu iko Kigoma, aje na mizani yake na hela yake.